Sauti ya Kufika Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Kurasa tatu za mwanzo ni mabega na viuno vya wanakwaya, zinazobaki ni zangu. Fulgence ameniuliza naandika nini, nikamwambia naandika historia. Akasema, "Haya," akaendelea kula. Ndiyo mume niliyepewa, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache.

Historia yenyewe ni hii. Mimi Levina, fundi cherehani wa Mlabani, nina jumba la maigizo miezi mitatu kwa mwaka. Miezi mingine tisa ni ghala la mpunga. Magunia ya mwisho hutoka mwishoni mwa Februari, mapya huanza kuingia mwezi wa sita, na hapo katikati marehemu mzee Fridolin, mwenye ghala, alikuwa akituachia mlango wazi. Jukwaa letu ni mbao juu ya matofali, upande wa ndani kabisa, mkabala na mlango. Watu huja na mikeka na viti vyao. Wakijaa sana ni mia mbili, na wa mbele anaweza kunishika gauni. Mjini hapa husikii mtu akisema anakwenda kwenye maigizo. Wanasema wanakwenda ghalani, na kila mtu anaelewa.

Mchezo wa mwaka huu nimeuita "Mjane Hatoki". Mwanamke kafiwa na mume, na ndugu wa mume wanakuja kudai ufunguo wa nyumba. Mjane ni Kandida. Wifi mkubwa, yule mwenye roho mbaya, ni mimi mwenyewe. Shemeji mdogo ni Beatus, kinyozi wa stendi. Nimeupitia wote leo kwa sauti huku nashona, na ni mzuri. Kwa nini nijifanye sijui?

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sare nne za shule.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi ya kwanza. Kila mwaka nasahau jinsi ghala tupu lilivyo na mwangwi. Unasema "hodi" mara moja, ukuta unaisema mara tatu. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza huwa ni kuchagua sauti. Namsimamisha mtu jukwaani, mimi nakwenda mlangoni, namwambia sema. Ikinifikia, ni mwigizaji. Isiponifikia namshukuru, akaimbe kwaya. Nimefanya hivyo tangu tulipoanza, nikiwa na miaka ishirini na tano, na sijawahi kukosea hata mara moja.

Taa ni kazi ya Fulgence. Ghala halina dirisha, kwa hiyo anasimama nje ya ule mlango mkubwa wa malori na bati jipya, analiinamisha mpaka jua litupige usoni kule ndani. Nikikasirika analinyanyua, nikihuzunika analishusha. Mawingu yakizidi anawasha taa yake ya reli. Mtu huyu hajawahi kuniambia kama mchezo ni mzuri au mbaya, lakini mwanga wake haujawahi kuchelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Fausta ametuingilia katikati ya mazoezi. Ni binti wa pekee wa mzee Fridolin, na baba yake alipofariki mwaka jana ghala likawa lake. Ana miaka arobaini na moja na sura ya mtu anayesubiri umwombe radhi.

"Shikamoo, dada Levina."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alikuwa na futi ya chuma, ile ya mafundi ujenzi. Akapima ukuta wa nyuma yetu, akaandika kwenye kiganja.

"Unapima nini?"

"Mashine ya kukoboa. Itakaa hapo mlipo."

"Kwenye jukwaa?"

"Ukuta huu ndio imara. Malizeni huo mchezo wenu wa mwaka huu. Mavuno yakianza, mbomoe."

Alisema "mchezo wenu" kama anavyosema mtu aliyekuta watoto wanapika udongo. Kandida akaanza kububujika machozi, Beatus akatukana chini chini. Mimi nilimsindikiza Fausta mpaka mlangoni na nikamkaribisha Jumamosi ya maonyesho, tarehe kumi na saba Mei. Kasema ana shamba.

Huyu mwanamke hajui kucheka. Lakini sina hofu. Miaka yote hii hajawahi hata siku moja kukaa kwenye mkeka akaona tunachofanya, na mtu hawezi kuvunja kitu kilichomliza. Lengo la mwaka huu ni moja tu, Fausta akae mstari wa mbele. Mengine jukwaa litamaliza lenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua juu ya mabati, hatukusikiana. Tumefanya mazoezi ya kutembea tu.

Jumapili, 30 Machi

Beatus kaniuliza, "Mama, hivi tunajisumbua nini? Simu yangu ina filamu mpaka nyingine sijazifungua."

Nikamwuliza, "Kwenye hizo filamu zote, kuna hata mmoja amekuona wewe?"

Kacheka, lakini nilimaanisha. Mwaka juzi Beatus alicheza mume mwongo. Theresia, muuza kambale, akasimama katikati ya watu na beseni lake, akamwambia, "We kijana, mwambie mkeo ukweli, mbona unamtesa?" Beatus maneno yakampotea. Akabaki anamtazama Theresia, kisha akasema, "Nisamehe, mama, naogopa." Haikuwa kwenye mchezo, nami sijaandika kitu kizuri kama hicho maisha yangu yote. Jumba kubwa la viti elfu lisingemsikia Theresia. Kule unalipia kukaa gizani usionekane. Kwetu ukilia, anayekuliza anakuona, na kesho yake mnakutana sokoni.

Fausta nimemkaribisha mara ya pili leo, baada ya misa. Ana shamba.

Jumapili, 6 Aprili

Mpunga umeanza kutoa masuke. Kwelea kwelea wameonekana, na watu wamehamia mashambani kuwafukuza. Nimehesabu waliokuja mazoezini: mimi, na bati la Fulgence.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimevuka mto Lumemo kumfuata Kandida shambani. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi, na wiki nzima hajakanyaga ghalani. Nilikwenda nimejaa maneno ya kumgombeza. Njia yote matope, kandambili moja nimeiacha huko.

Nilimsikia kabla sijamwona.

"Ondokeni! Hamkulima! Hamkupalilia! Mnataka kuvuna nini?"

Nikadhani amepagawa. Kumbe yuko juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti cha kuamia ndege wasile mpunga, kamba za makopo mkono mmoja, kombeo mkono mwingine, na kundi zima la kwelea kwelea likitaka kutua. Alikuwa anawatupia maneno ya mjane wa sehemu ya pili. Akimaliza ya mjane anayasema ya kwangu mimi wifi, kwa sauti yangu kabisa, puani, mpaka nikaona aibu. Ndege wakanyanyuka wote.

"Shikamoo, mama mdogo! Umeona? Ukiwapigia kelele tupu wanazoea. Ukiwagombeza kwa maneno, wanaelewa."

"Marahaba. Sehemu ya tatu je?"

"Ile ya polepole? Ile haifukuzi hata nzi. Naisema moyoni."

Nimepanda dungu, nimekula naye wali wa jana, hasira zimeisha. Ndege huja asubuhi na jioni, mchana wanapumzika mitini. Ndiyo maana maonyesho yetu huanza saa nane na kwisha kabla ya saa kumi, ili watu wawahi kurudi mashambani. Kandida kaahidi siku hiyo atavuka asubuhi baada ya ndege wa kwanza.

Hatua kama mia kutoka kwake kuna dungu jingine, na juu yake mtu mwenye kofia kubwa ya ukindu.

"Nani yule?"

"Fausta. Vibarua wake walisinzia, ndege wakala pembe nzima ya shamba, akawafukuza. Sasa anaamia mwenyewe."

Nikampungia mkono. Akarusha bonge la udongo kwa kombeo upande mwingine, akapiga ukelele mmoja ambao ulinipita masikioni ukaendelea na safari. Lakini nilikaa pale mpaka jioni, na jambo moja nimeliona. Kila Kandida alipokatiza maneno ya mjane ili avute kamba, ile kofia iligeuka upande wetu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kuku, wali wa mchele wa supa, usingizi.

Jumatatu, 28 Aprili

Fausta amekuja dukani kwangu na sketi. Anataka ipunguzwe urefu. Sketi haikuwa na shida yoyote, imemkaa sawasawa. Nikaichukua, nikaendelea kukanyaga cherehani. Akakaa kwenye benchi akitazama barabara.

"Huyo mjane wa Kandida," akasema hatimaye. "Mwisho anawapa ufunguo, au hawapi?"

"Umeujuaje?"

"Nitaacha kuujua? Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Kila siku anafika pale wifi anaposema 'Nahesabu mpaka kumi', halafu anarudi mwanzo. Wiki tatu nasubiri afike kumi."

"Sehemu ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini. Haifai kwa ndege."

"Basi niambie wewe."

Nilitamani kumwambia, Mungu anisamehe, jinsi alivyoniuliza kwa macho ya mtoto. Lakini mimi si mjinga. "Njoo uone. Tarehe kumi na saba, saa nane mchana."

Akavuta midomo, akasema sketi ataifuata kesho. Nimeimba mpaka wa duka la jirani wameniuliza kuna harusi gani.

Jioni nimemsimulia Fulgence. Kanywa chai yake, kisha akasema, "Baba zake wadogo walikuja toka Mahenge wakati wa matanga. Walitaka ufunguo wa ghala."

"Akawapa?"

"Aliwatoa mbio."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Hukuuliza."

Mchezo niliuandika nikimfikiria shangazi yangu. Lakini naona umeshampata mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi ya watu watano! Beatus amejifunza kunyamaza. Ni mwigizaji mkubwa anayekuja, nami nilimwona tangu akiwa ananyoa bure rafiki zake.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kubwa milimani Udzungwa tangu jana. Hapa mjini matone tu, lakini Lumemo umebadilika rangi. Tulidhani mvua zimeisha.

Fausta yuko mjini, amekuja kumpokea fundi wa mashine. Nimeona fundi akichora kwa chaki ukutani, nyuma ya pazia letu. Nimeziacha alama, sikuzifuta, ingawa mkono uliniwasha.

Ijumaa, 16 Mei

Kandida kapiga simu saa mbili asubuhi, amepanda kichuguu kutafuta mtandao. Gogo la kuvukia limekwenda na maji. Yeye ni mzima, chakula anacho, na maji yameishia ngazi ya kwanza ya dungu. Lakini havuki leo, wala kesho.

"Na ufunguo ninao mimi huku, mama mdogo," akasema, analia. Ule wa kuchezea, wa bati.

Nikamwambia atulie aamie ndege wake, kila kitu kiko sawa. Nikakata simu, nikakaa kwenye ndoo. Mia mbili wanakuja kesho, na mjane yuko upande wa pili wa mto. Siwezi kumcheza mimi, maana mimi ndiye wifi, na wifi na mjane wanatazamana mwanzo mpaka mwisho. Kuahirisha haiwezekani, mavuno yako mlangoni na fundi wa mashine anasubiri ule ukuta. Nikapitisha majina yote kichwani. Ni mtu mmoja tu mjini hapa anayejua maneno ya mjane, na anayajua kwa sababu amelala na kuamka nayo wiki tano.

Nilimkuta Fausta uani kwake anapepeta mchele. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Yaani niwe mwigizaji."

"Kwa siku moja."

"Na sauti yangu je?"

"Sauti yako ina nini? Mimi nimeisikia shambani."

Hapo ndipo akaweka ungo chini. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilifundisha midomo yangu shairi mwezi mzima. Ulinisimamisha mle ghalani kwa baba yangu, ukaenda mlangoni, nikasema. Ukaniambia mbele ya vijana wote wa parokia, 'Fausta, sauti yako haifiki hata nusu ya njia. Kakae na wapika chai.' Nikapika chai. Miaka miwili nikawapikia chai."

Nikamwambia sikumbuki, na ndiyo kweli, sikumbuki. Nikamwambia naomba radhi.

"Hukuniambia uani," akasema. "Radhi ya uani siitaki."

Akaokota ungo wake. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikumwona hata aliyenisalimia njiani. Nikamwuliza Fulgence kama ni kweli nilimwambia vile yule mtoto.

"Ulimwambia."

"Kwa maneno hayo hayo?"

"Na mengine."

Nimeandika mara ngapi humu kwamba sijawahi kukosea? Nimerudi nyuma nikasoma. Nimeona aibu, na nimeona pia kwamba haitoshi kuiona mwenyewe jikoni. Nimemtumia Fausta ujumbe. Nimesema kesho saa nane kasoro robo nitakuwa nimesimama pale pale aliposimama yeye, na mlango uko wazi.

Hakujibu.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa bado na wanja wa wifi machoni.

Saa saba na nusu ghala lilikuwa limejaa. Walikuja na mikeka, viti, ndoo za kukalia, watoto migongoni, na Theresia na beseni lake mstari wa mbele. Beatus alikuwa ananikodolea macho, kila dakika anauliza, "Mama, mjane yuko wapi?" Namjibu, "Anakuja." Sikuwa na uhakika, lakini kiongozi wa waigizaji hawezi kusema hajui.

Saa nane kasoro robo nikapanda jukwaani. Watu wakadhani tumeanza, wakanyamaza. Nikawaambia mchezo bado. Nikasema, "Miaka ishirini na saba iliyopita, hapa niliposimama alisimama binti mmoja. Nilimwambia mbele za watu kwamba sauti yake haifiki. Nilikosea. Na nilimwambia kwa dharau, hilo ni kosa la pili. Binti huyo ni Fausta wa mzee Fridolin. Fausta, kama unanisikia, naomba radhi mbele za watu."

Kutoka mlangoni, nyuma ya bati la Fulgence, sauti ikasema bila kupazwa, "Nakusikia."

Watu wote wakageuka. Alikuwa amevaa nguo nyeusi aliyovaa matanga ya baba yake. Akapita katikati ya mikeka, wakimpisha miguu, akapanda. Nikamnong'oneza kwamba sehemu ya tatu nitamwongoza mimi, maneno ni machache, na mwishoni ananikabidhi ufunguo kwa ajili ya amani.

"Nakupa tu? Hivi hivi?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Sawa. Ufunguo uko wapi?"

Tukakumbuka wote wawili uko ng'ambo. Akafungua mfundo wa kanga kiunoni, akatoa ufunguo wa ghala lenyewe, ule mrefu wa chuma wa baba yake.

Sehemu ya kwanza alitetemeka kidogo, ikafaa, maana mjane ana siku tatu tu tangu azike. Sehemu ya pili ndipo mvua iliposhuka juu ya mabati. Mvua ya mwisho ya mwaka, nadhani ilijiwekea akiba. Naujua ugonjwa huo. Mvua ikipiga ghala hilo hakuna anayesikika. Mimi mwenyewe nilifungua kinywa na sikujisikia. Beatus akawa anatumia mikono. Mawingu yakala jua, Fulgence akatupa bati, akaja na taa ya reli hadi katikati ya watu.

Na katika mwanga huo Fausta akavuta pumzi akasema, "Ondokeni!"

Ilifika mlangoni. Ilifika barabarani, maana watu waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibaraza cha jirani wameniambia waliisikia. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamia mpunga mabonde haya tangu utoto, anayejua kuituma mbali bila kuipasua. "Hamkulima!" Wakulima wote mle ndani wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka. "Hamkupalilia!" Wanawake wawili walio na mashamba jirani na Kandida wakaitikia naye, "Mnataka kuvuna nini!" Nao kumbe wanayajua. Bonde zima linajua mchezo wangu. Nilirudi nyuma hatua mbili, na wifi hapaswi kurudi nyuma, lakini nilirudi.

Mvua ikapungua kwa sehemu ya tatu. Nikamwongoza neno kwa neno, midomo yangu karibu na sikio lake, na watu hawakujali, walidhani wifi anamtesa. Nikahesabu mpaka kumi. Nikanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Fausta akautazama mkononi mwake. Akainua uso, akawatazama watu badala ya kunitazama mimi.

"Huu?" akasema taratibu. "Huu sitoi."

Akaufunga kwenye kanga, akaketi kwenye kigoda katikati ya jukwaa. Mchezo ukaishia hapo. Theresia ndiye aliyeanza kupiga beseni lake, na baada ya hapo nilisikia makofi tu. Fausta alikaa pale kwenye kigoda analia waziwazi, wala hakujifuta.

Baadaye nilimkuta Fulgence anaokota bati lake. Nikamwuliza, "Umeonaje?"

"Mwisho wake ni mzuri kuliko wako," akasema. Miaka thelathini ya ndoa, hii ndiyo sifa ya kwanza ya mchezo wangu, na hata hivyo si yangu.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala mchana kutwa. Nimejiuliza jambo moja tu. Alipokataa kutoa ufunguo, alimkatalia wifi au alinikatalia mimi? Chaki bado iko ukutani.

Jumatano, 21 Mei

Kandida amevuka. Amesimuliwa mchezo na watu kumi na mmoja, kila mmoja kwa mwisho wake. Kanuna siku nzima, jioni akaniomba nimwonyeshe Fausta alivyokaa kwenye kigoda.

Jumamosi, 31 Mei

Wameanza kuvuna. Fundi amepita na nondo begani kuelekea ghalani. Sikwenda kuangalia. Nilisema nitabomoa mavuno yakianza, na nitabomoa kwa mikono yangu. Jukwaa ni mbao na matofali, na mbao naweza kuzilaza chini ya kitanda changu. Nikishazilaza, nitatafuta ghala jingine. Bonde hili halijaishiwa maghala.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda na nyundo na Beatus.

Malori mawili mlangoni, makuli wanaingiza magunia, Fausta katikati yao na daftari. Nondo za fundi nikaziona nje, kwenye kibanda cha upande wa mzani wa kupimia magunia, zimeshazama kwenye zege la msingi wa mashine. Ndani, ukuta wa nyuma umepigwa chokaa mpya. Chaki haipo. Jukwaa lipo.

Na magunia hayakupangwa kama mzee Fridolin alivyokuwa akipanga, kuta mbili mpaka juu. Yalikuwa yamepangwa ngazi ngazi, ya mbele gunia moja, nyuma yake mawili, matatu, manne, mpaka karibu na mlango, na njia katikati. Yote yanatazama jukwaa. Kuli mmoja alikuwa ameketi ngazi ya tatu, anajipepea kofia.

"Mpunga unataka kupumua," akasema Fausta bila mimi kumwuliza. "Ukiupanga hivi unapata hewa."

"Na watu?"

"Watu watakaa wapi pengine?" Akafunga daftari, akatembea mpaka mlangoni, akageuka. "Dada Levina. Panda pale juu. Sema kitu."

Nikaelewa. Beatus naye akaelewa, akanipokea nyundo. Nikapanda, nikasimama pale pale. Sikupaza. Nikasema kwa sauti ninayomwambia nayo Fulgence kwamba chai iko tayari.

"Nipe ufunguo."

Ukuta haukurudisha neno hata moja. Ghala hili lina mwangwi likiwa tupu tu, na mimi miaka yote nimekuwa nikilisubiri liwe tupu. Nimekuwa nikipima sauti za watoto wa watu ndani ya debe, nikiwaambia kosa ni lao.

"Imefika," akasema Fausta kutoka mlangoni. Makuli wote walikuwa wamesimama wanasikiliza. "Lakini sikupi."

Na akacheka, kwa sauti, mpaka kuli yule wa ngazi ya tatu naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Jumapili, 8 Juni

Fausta, gauni la mjane. Bega kumi na sita. Kifua arobaini na moja. Kiuno thelathini na sita. Urefu mpaka kifundo cha mguu, mfuko mmoja wa ndani, mrefu, wa kutosha ufunguo. Linahitajika Jumamosi tarehe 28, saa nane mchana.